Silinda ya Pampu ya Rukala

Jumatatu, 8 Aprili

Washa mia moja na kitu, zile pete za shaba za kuziba mafuta ya injini, kabla ya saa nne. Foleni ya trela leo imepita kituo cha mafuta, na dereva akishakaa kwenye foleni siku mbili ndipo anakumbuka kwamba injini yake inavuja. Kazi ni ile ile. Washa ya shaba ikibanwa mara moja inakuwa ngumu, ukiifunga tena inavujisha. Kwa hivyo nazitunga kwenye waya, nazichoma mpaka ziwe nyekundu kidogo, natumbukiza kwa maji. Zinatoka laini, zinarudi kazini. Miaka kumi na tisa nafanya hivi hapa Malaba. Mkono unafanya wenyewe, kichwa kinawaza chakula.

Saa sita amekuja mtu na gunia begani. Bwana Wandera, mwenyekiti wa kamati ya maji huko Rukala, kijiji alikoolewa dada yangu Ajiambo. Ndani ya gunia, silinda ya pampu yao ya mkono. Shaba ya njano, ndefu kama mkono wangu kutoka begani hadi kwenye vidole, upana wa kikombe cha chai. Hiyo ndiyo hukaa chini kabisa kisimani. Pistoni inapanda na kushuka ndani yake, maji yanavutwa. Watu wao walipoitoa kuisafisha waliishika kwa spana kubwa ya paipu, wakabana mpaka ikawa umbo la yai. Ala! Shaba nyembamba hivyo unaibana kama unafungua gurudumu la lori? Nimemwambia hivyo hivyo usoni. Ameinamisha kichwa.

Mpya imeagizwa. Hakuna anayejua itafika lini.

Anataka niirudishe iwe duara. Nimemuuliza mbona hajaenda kwa mafundi wa Busia wenye mashine. Ameenda kwa watatu. Wawili wamekataa, wa tatu amesema aiuze kama chuma chakavu. Nimeishika, nimeigeuza, nimesema niachie.

Jioni nimejiuliza kwa nini nimekubali. Lakini najua. Pampu iko juu ya ule mwinuko wa shule, na mto Nzoia ukivunja tuta watu wote hukimbilia pale. Mwaka juzi mafuriko yaliwakuta pampu imekufa. Walikunywa maji ya mto. Mjukuu wa Ajiambo aliharisha siku tatu, akabebwa mgongoni ndani ya maji hadi hospitali, macho yameingia ndani. Alipona. Mtoto wa jirani hakupona.

Na mvua mwaka huu imeanza mapema.

Jumanne, 9 Aprili

Nimepima. Mahali palipobanwa, upande mmoja umeingia ndani unene wa kidole. Pistoni haiwezi kupita. Pia mdomo wa chini umepanuka, vikombe vya ngozi vya pistoni havitashika maji hapo. Kwa hivyo kazi mbili: kutoa bonde, kisha kurudisha silinda nzima kwenye kipimo kimoja toka juu hadi chini.

Nimejaribu kuigonga baridi kwa nyundo ya mti. Mara ishirini hivi. Mwanzoni ilikubali, baadaye ikaanza kulia kama kengele na haikusonga tena. Shaba ikilia hivyo imekuwa ngumu. Ukiendelea, inapasuka. Nimeweka nyundo chini. Nimejisifu kwa kuiweka chini, kwa sababu mimi si mtu wa kuweka vitu chini.

Nimeenda Amukura kwa Okisai, mwenye mashine ya kukereza. Nimempa kipande cha shafti ya trela, kizuri, hakina kutu. Amekikereza mpaka kikawa ukubwa kamili wa tundu la silinda, tena laini, unaona uso wako. Kikiingia ndani na grisi, naweza kugonga shaba juu yake na itabaki duara. Okisai alinicheka. Ati, "Mama, sasa umeacha washa, umeanza mizinga?" Mjinga yule. Lakini kazi yake safi.

Shida ni moto. Jiko langu linachoma upana wa kiganja tu. Silinda inataka kuiva yote kwa pamoja. Nikichoma kipande kipande, pengine patakuwa laini, pengine pagumu.

Jumatano, 10 Aprili

Ajiambo amepiga simu. Mto umefika kwenye nguzo ya kwanza ya tuta. Nguzo ni tatu, ya tatu ikifikiwa maji yanavuka. Watu wameanza kupeleka magodoro shuleni.

Kuna tanuri moja tu ninalolijua lenye urefu wa kutosha. La Baba, kule kijijini kwetu nyuma ya Nangina.

Sitaki kwenda.

Wacha niandike ukweli, hakuna atakayesoma. Ukoo wetu ni wahunzi wa Samia, majembe na mikuki toka zamani. Uhunzi ni wa wanaume. Mwanamke hagusi mivukuto ya kupulizia moto, hasimami karibu na moto, ati chuma kitakataa. Ndugu yangu Egesa alifundishwa kila kitu na leo anauza mitumba Busia, hajui hata mahali nyundo zilipo. Mimi nilikuwa nasimama nyuma ya ua nachungulia. Baba alipopata habari kwamba nimefungua kibanda Malaba, alisema nimeenda kucheza na bati. Hajawahi kufika. Sasa ana miaka themanini na moja na macho yameisha, kwa hivyo hata akija hataona.

Nina hasira naye na nampenda, yote mawili kwa siku moja. Kesho naenda.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimefika saa nne, gunia mgongoni, shafti ya Okisai mkononi. Baba amekaa mlangoni na redio. Nimemweleza. Ameomba silinda, ameipapasa yote kwa vidole, juu, chini, ndani. Akakuta bonde. Akatukana watu wa spana kwa Kisamia, matusi ambayo sijayasikia toka nikiwa mtoto. Hapo nikampenda zaidi.

Nimengoja aseme habari ya wanawake na moto. Amenirudishia silinda. Kisha akasema, "Mimi sioni kitu. Kwa hivyo sioni mwanamke yeyote kwenye moto wangu." Ndiyo hivyo. Nimeingia.

Tanuri lake ni mfereji mrefu chini ya banda; nimepanga makaa mfereji mzima, nimevuta mivukuto mwenyewe. Ngozi bado nzima. Silinda nimeitia kwenye ufito wa chuma ili niizungushe. Baba kwenye kigoda chake anaamuru. Ongeza. Zungusha. Ongeza. Jua lilikuwa kali na lile banda halina kuta, sikuiona rangi vizuri. Nilipoiona nyekundu, tayari ilikuwa nyekundu sana.

Akasema, piga sasa, piga ingali nyekundu.

Nikapiga.

Imepasuka. Pigo la pili tu. Mdomo wa chini umevunjika kama biskuti, ufa umepanda vidole vinne. Sikuamini. Nimeokota kile kipande kwa koleo. Baba aliusikia mlio wake. Akauliza, ni nini hiyo? Nimetoka nje nikakaa kwenye mvua iliyokuwa inaanza, mwanamke wa miaka arobaini na nane, ninalia kwa sababu ya paipu.

Ajiambo amepiga. Nguzo ya pili. Nimemwambia kazi inaendelea vizuri. Nimemdanganya dada yangu.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimelala nyumba ya marehemu Mama. Sijalala.

Nina hasira. Si na Baba. Naye pia, lakini zaidi na mimi. Kumbe mimi najua hii kazi! Kila siku Malaba, maelfu ya washa, ni lini nimepiga washa ikiwa nyekundu? Hata siku moja. Nachoma, naipoza, ndipo naifanya kazi ikiwa baridi. Chuma ndicho hupigwa na moto wake. Hii shaba ya njano ukiigonga ingali nyekundu inavunjika. Nimeokota vipande vyake vingi sana chini ya trela, najua kabisa jinsi inavyovunjika. Lakini Baba amesema piga, nami nikapiga. Miaka kumi na tisa ya kazi yangu ilitoka kichwani kwa neno moja la mzee kwenye kigoda. Nilikuwa tena yule msichana nyuma ya ua.

Asubuhi nimemwambia. Nimesimama mbele yake, sikukaa. Nimesema, Baba, shaba si chuma. Hii unailainisha kwa moto, unaipoza, unaipiga baridi mpaka ilie, unairudisha motoni, hivyo hivyo mpaka iishe. Nimesema pia kwamba nilijua jana na nikakusikiliza wewe. Sauti ilipanda. Nimesema na mengine ya zamani ambayo sitaandika.

Nimeenda kuteka maji, nimerudi, bado amekaa pale pale.

Saa sita ameomba kile kipande kilichovunjika. Amepitisha kidole kwenye ufa, taratibu, mara kadhaa. Akasema, "Chuma kingekubali." Basi. Hayo tu. Kwa mtu wangu huyu hiyo ni toba.

Nimekata mahali palipopasuka kwa msumeno, nimepiga tupa. Nimepima mara tatu. Pistoni bado ina nafasi ya kupanda na kushuka, lakini vidole viwili tu vimebaki vya akiba. Ikipasuka tena, silinda imekufa na watu wa Rukala watakunywa mto. Nimeandika ili nione kwa macho.

Jumamosi, 13 Aprili

Leo nimefanya kazi yangu kwa njia yangu.

Kwanza nimefunga banda. Magunia, mablanketi ya Mama, mkeka, kila upande isipokuwa mlango mmoja wa kupitisha hewa. Mchana saa tano na ndani giza. Majirani wamekuja kuuliza kama tuna maiti. Nataka giza kwa sababu shaba inapoiva hutoa wekundu mdogo sana, wa kwanza kabisa, na juani hauonekani. Ukiupita huo umeshachelewa.

Nilipogeuka kutafuta mivukuto, Baba alikuwa ameshakaa pale. Ameishika kwa mikono miwili. Sikumwomba. Akaanza kuvuta, pole pole, pumzi moja moja, moto ukakaa sawa kabisa urefu wote wa mfereji. Mimi juzi sikuweza kuufanya ukae hivyo. Nazungusha silinda kwa ufito. Nikauona wekundu, hafifu, ukapita toka mwisho mmoja hadi mwingine. Nikasema acha, naye akaacha papo hapo. Nimeitoa, nimeitumbukiza kwenye pipa la maji. Baba alishtuka. Ukitumbukiza chuma hivyo kinakuwa kigumu, kinakatika. Nikamwekea silinda mkononi ikiwa baridi, nikamwambia, gonga na ukucha. Akagonga. Pu. Haikulia. Akagonga tena. Akatabasamu! Meno matatu.

Basi nikatia shafti na grisi, nikaanza na nyundo ya mti. Mapigo madogo, nazungusha, mapigo madogo. Bonde likaanza kurudi nje. Nami nilikuwa nimezama, ningeendelea, lakini Baba akainua mkono. "Imeanza kulia. Irudishe." Mimi sikusikia kitu. Nimegonga na ukucha, kweli, ilikuwa na mlio mdogo. Masikio ya yule mzee! Miaka sitini ya kusikiliza nyundo.

Tumeenda hivyo mara sita. Moto, maji, nyundo. Yeye anavuta mivukuto na kusikiliza, mimi natazama rangi na kupiga. Tumebishana mara mbili tu. Mara moja alikuwa sahihi, mara moja mimi.

Mara ya sita sikuirudisha motoni. Aliuliza kwa nini, na hilo swali nimelipenda sana. Nikamweleza. Ukiiacha laini, mchanga wa kisimani utaila kabla ya Krismasi. Ile nyundo ya mwisho ndiyo inaipa ugumu wa kuishi. Akafikiria. Akasema, "Unaiacha ilie." Nikasema ndiyo, lakini kidogo.

Nimetoa shafti. Duara. Toka juu hadi chini, duara. Nimecheka peke yangu ndani ya giza, Baba akacheka na mimi bila kujua tunacheka nini.

Mikono imevimba. Nimekula samaki wawili.

Jumapili, 14 Aprili

Kanisani sijaenda, Mungu anajua niko wapi.

Nimeloweka vikombe vya ngozi usiku kucha kwa mafuta, asubuhi nimevifunga kwenye pistoni. Nimesimamisha silinda kwenye karai, nimejaza maji juu ya pistoni, nikakaa kuitazama. Nimekunywa chai vikombe viwili. Maji hayakushuka. Hata tone.

Wandera amepiga saa nne. Nguzo ya tatu. Maji yameanza kulamba barabara, magari hayaingii tena, boda boda bado zinapita kwa shida. Nije leo au nisije kabisa.

Baba ameamka kunisindikiza hadi kwenye njia, mkono wake begani kwangu. Hakuniombea kwa maneno mengi kama alivyokuwa akifanya Mama. Alisema nifunge gunia vizuri, mvua isiharibu ngozi.

Boda hadi Funyula, boda nyingine, nyingine tena. Wa mwisho alinishusha mahali barabara imeingia ndani ya maji, akasema mama, mimi nina watoto. Sikumlaumu. Nimekunja nguo, silinda kichwani, nimetembea. Maji yalifika magoti, mahali pengine mapaja. Niliogopa. Sijui kuogelea, na sijawahi kumwambia mtu. Mwanamke mmoja aliyebeba mbuzi alinishika mkono sehemu iliyokuwa mbaya zaidi, hatukuulizana majina.

Nimefika shuleni jioni. Ajiambo alinikumbatia na silinda ikiwa bado kichwani.

Watu wengi. Madarasa yote yamejaa. Watoto wanakohoa. Kuna ndoo za maji ya mto zimewekwa yatulie, ya rangi ya chai ya maziwa. Mjukuu wa Ajiambo, yule yule, alikuwa anachota kwa kikombe. Nimempokonya. Nimemtisha, maskini, akalia.

Jumatatu, 15 Aprili

Tumeanza kulipokucha. Nimesimamia mwenyewe na nimesema wazi, atakayeishika silinda kwa spana nitampiga nayo. Wamecheka, lakini hakuna aliyejaribu. Nimewafungia kipande cha mpira wa tairi mahali pa kushika.

Paipu kwa paipu, kamba, wanaume sita. Imeshuka. Saa tano tumefunga kichwa cha pampu. Mvua ilikuwa imesimama.

Wandera alitaka nianze mimi. Nimeshika mpini. Watu wamezunguka, ndoo tupu, mitungi. Nimepiga mara kumi. Hewa. Mara ishirini. Hewa. Mpini mwepesi, hauna uzito wowote, na mpini mwepesi maana yake hakuna kinachobebwa chini. Thelathini. Nilianza kuona aibu inapanda shingoni. Niliwaza vile vidole viwili vya akiba, nikawaza labda nimekata vibaya, labda pistoni inatoka mdomoni, labda safari yote hii ni bure na wale watu wa Busia walikuwa sahihi kukataa. Mama mmoja aligeuka akaondoka na ndoo yake. Niliuona mgongo wake. Nitaukumbuka ule mgongo.

Arobaini na kitu, sikuhesabu tena. Mpini ukawa mzito.

Uzito kidogo tu. Nikajua. Kabla ya mtu yeyote, mikono yangu ilijua. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini, Ajiambo anasema niliita Mama. Ikakohoa, ikatema maji mekundu ya kutu, ikakohoa tena, halafu maji yakaja. Yamejaa mdomo wa pampu. Mekundu, kisha ya kijivu, kisha safi. Safi! Tumeyamwaga yale ya kwanza huku watu wanapiga vigelegele na wazee wanagombana nani aanze. Mjukuu wa Ajiambo aliletwa mbele. Amenitazama kwa wasiwasi kwanza, kwa sababu ya jana. Kisha akanywa kikombe kizima, akajaza kingine.

Nimempigia Baba. Nimeweka simu karibu na ndoo ikijaa. Amesikiliza muda mrefu.

Jumanne, 16 Aprili

Barabara imekatika. Hatuwezi kutoka, hakuna anayeingia. Foleni ya pampu ndefu kuliko ile ya trela, lakini inasonga.

Sina kazi. Sijui kukaa bila kazi. Nimerekebisha vitasa viwili na mguu wa kitanda.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Nimelala mchana. Hakuna anayeharisha mpaka sasa, mwalimu anaandika majina kila asubuhi.

Baba amepiga mara mbili. Anataka niweke simu kwenye mpini, ati asikie kama silinda inalia vibaya. Nimemwambia iko chini mita nyingi sana, haisikiki. Akasema niweke tu.

Jumamosi, 20 Aprili

Jua leo. Maji yameshuka kutoka ngazi ya shule, matope yanabaki. Watu wameanika magodoro juu ya ua. Mwalimu amesoma orodha yake: homa nne, vidonda vya miguu, kikohozi. Tumbo hakuna. Amesoma mara mbili kwa sababu watu walitaka kusikia tena.

Asubuhi Wandera amekuja kukaa karibu nami. Kuna silinda nyingine, ya pampu ya ng'ambo ile, imelala stoo toka zamani, imebonyea vile vile. Watu wa spana ni wengi dunia hii. Na mzee wa kamati nyingine ameshasikia, naye ana yake. Wanataka kuzileta Malaba barabara ikifunguka. Nimesema zije. Nimesema nitachimba mfereji wa moto nyuma ya kibanda, nitaufungia mabati pande zote.

Ameniuliza nani atanisaidia, maana kazi hiyo si ya mikono miwili.

Nimempigia Baba. Nimemwambia nahitaji mtu wa mivukuto, mwenye masikio. Nimemwambia ni Malaba, kuna kelele, kuna vumbi la trela, na wanawake wako kila mahali karibu na moto. Nimesikia akizima redio yake. Kisha akauliza kama huko kwangu kuna kiti chenye mgongo, kwa sababu kigoda sasa kinamuumiza kiuno.

Sina. Jumatatu nikitoka hapa napitia kwa seremala.